Sifaeli na Maji ya Kumalizia

Sifaeli, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na sikio la ajabu. Akiwa amelala kwake hapa Kikwe alisikia mgomba ukilia kiu ng'ambo ya bonde, na akajua ni mgomba wa nani. Siku moja mfereji ulimkaidi ukakimbilia shamba la mtu ambaye hakuwa na zamu. Sifaeli akasimama ukingoni akaukemea, na mimi kwa macho yangu niliona maji yakigeuka na kupanda mlima kwa aibu. Mnasema natia chumvi. Daktari amenikataza chumvi kwenye mboga kwa sababu ya presha. Kwenye maneno hajasema kitu.

Yasiyo na chumvi ni haya. Sifaeli alikuwa mwenyekiti wa mfereji wetu, ule unaotuletea maji kutoka Mlima Meru. Maji yanakwenda kwa zamu. Ukifungua siku isiyo yako unatoa beberu, anachinjwa pale pale kwenye banio, maji yanapoingilia, wanakula wote isipokuwa wewe. Sifaeli alimtoza mchungaji. Alimtoza Manase, ambaye shamba lake linapakana na la kwake. Akanitoza na mimi.

Nikamwambia, "Sifaeli, mimi ndiye niliyekufundisha kutembea."

"Ndiyo, shangazi," akasema. "Sasa tembea ukalete beberu."

Lakini alikuwa na moyo wa haki. Kuna Magreth, mjane, shamba lake ni mchanga mweusi mtupu. Maji yakiingia yanazama kama yametumbukia kisimani, zamu inaisha mahindi ya mwishoni hayajaona hata tone. Watu walisema asubiri zamu ijayo kama wengine. Sifaeli akakataa. "Zamu ni shamba kulowa," alisema. "La kwake halijalowa. Hiki ninachompa si zamu ya pili, namalizia ile ya kwanza." Tangu siku hiyo tukayaita maji ya kumalizia. Manase alinung'unika hadi akakaukiwa na mate, na kanuni ikabaki.

Kisha Sifaeli akaugua figo. Akavimba uso mpaka macho yakawa mistari. Dada yake Hanna, anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Usa River, akampa figo lake moja. Hakuuliza mara mbili. Alipotoka hospitali akatuambia, "Nimemwazima. Akinichokoza nalitaka." Tukacheka wote, Sifaeli akashika mshono asipasuke.

Mtu aliyepewa figo la mwenzake anameza dawa maisha yote. Daktari wake wa kliniki kule mjini alinieleza hivi: mwili una mbwa wake wanaolinda boma. Figo ni mgeni, na mbwa wakimwona mgeni watamrarua. Kwa hiyo dawa zinawafunga mbwa. Nikauliza, "Na mwizi akija?" Daktari akanitazama. "Ndiyo tatizo lenyewe, bibi."

Mwizi akaja. Korona mliiona wenyewe. Chanjo zilipofika Sifaeli akachanja ya kwanza, akachanja ya pili, kimya kimya, bila kusukumana na mtu. Nilikuwa nimekaa naye kliniki daktari alipomwambia maneno ambayo nayakumbuka kama Baba Yetu.

"Kwa wengine mbili zinatosha kwanza, halafu baadaye kinga ikipungua wanapewa ya kuongeza nguvu, hiyo wanayoita busta. Wewe huko hujafika. Mbwa wako wamefungwa, sindano mbili huenda hazikuwaamsha kabisa. Ikipita kama mwezi, chanja ya tatu. Hiyo si busta. Ni kumaliza ulichoanza. Busta yako itakuja baadaye, kwa wakati wake."

Sifaeli akasema, "Nimeelewa, daktari." Na kweli alielewa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi ukapita tukaenda Maji ya Chai, walikokuwa wamefunga hema la chanjo karibu na soko. Watu wengi siku hiyo. Muuguzi alikuwa binti anaitwa Nice, mpole, akanipa shikamoo mbili badala ya moja. Sifaeli akamweleza anataka ya tatu.

"Pole baba," Nice akasema. "Ya tatu ni busta. Mpaka miezi ipite. Rudi wakati wake ukifika."

"Si busta," nikaingilia. "Huyu ana figo la kuazima. Yake ni ya kumalizia."

Binti akasita. Nilimwona anasita. Akasema, "Subirini kidogo, nimpigie simu mkubwa wangu," akatoka nyuma ya hema kutafuta mtandao.

Hapo ndipo Manase alipojitokeza kwenye foleni. Sikujua kama yupo. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alipotoa beberu.

"Eeh, mwenyekiti!" akapaza sauti. "Sisi wengine hata ya kwanza hatujaonja, wewe unataka ya tatu? Leo nani kafungua maji siku isiyo yake?"

Watu wakacheka. Wengine wa Kikwe, wengine hata hawatujui, walicheka tu kwa kuwa jua lilikuwa kali na foleni ndefu.

"Beberu wake yuko wapi?" mwingine akadakia.

Nilimgeukia Manase nikamwambia maneno ambayo mchungaji hapendi niyarudie. Nilipogeuka nyuma, Sifaeli hayupo. Alishavuka barabara, mgongo umenyooka kama amemeza jembe.

Nice akarudi anakimbia, simu mkononi. "Bibi, ni kweli! Watu wa aina yake wanapewa. Yuko wapi baba? Mwite!"

Nikamwita. Nilimwita mpaka mabasi ya Moshi yakapunguza mwendo. Hakugeuka. Lile sikio lililosikia migomba!

Nyumbani nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anasafisha koleo lililokwisha safishika.

"Wamesema unapewa," nikamwambia. "Twende kesho."

"Shangazi, watu wameshasema."

"Watu! Watu walisema Magreth anaiba maji. Uliwajibu nini?"

Akaendelea kusugua koleo.

"Uliwaambia si zamu ya pili. Ni ile ya kwanza haijaisha. Maneno yako hayo, Sifaeli, si yangu."

"Yule ni Magreth," akasema. "Mimi ni mwenyekiti. Nikichukua ya tatu mbele ya mtu ambaye hana hata moja, nitamtoza nani beberu tena?"

"Basi usimtoze mtu! Ishi bila nyama!"

Akacheka kidogo. Kucheka kwake ndiko kulikonishinda. Mtu akikasirika utagombana naye, akicheka utafanya nini? "Zamu yangu ikifika nitakwenda," akasema, na mlango ukafungwa hapo.

Wiki zikapita hivyo. Mimi nikampigia simu Hanna. Alikuja na sare yake ya shamba la maua, hata hakukaa.

"Kaka, hilo ulilonalo tumboni ni la nani?"

"La kwako."

"Basi mimi nalipeleka likachanjwe. Wewe ukitaka baki hapa."

Akainama. "Jumatatu," akasema. "Jumamosi tuna msaragambo wa kuzibua mfereji, sitaki waseme nimekimbia kazi. Jumatatu twende."

Jumamosi hiyo kijiji kizima kiliingia mferejini, bega kwa bega, tope hadi magotini. Mmoja wao alikuwa anakohoa, akasema ni vumbi. Vumbi, ndani ya maji! Sifaeli alikuwa katikati yao na koleo lake, amevaa barakoa, halafu akaivua kwa kuwa hawakusikia alichowaelekeza.

Jumatatu haikumkuta na nguvu ya kusimama. Tulimpeleka hospitali badala ya hema. Hanna alilala sakafuni koridoni. Nilimuuliza daktari kama ile sindano ingemwokoa. Alikuwa mkweli, akasema, "Bibi, siwezi kukuapia. Ingempa nafasi." Nikamwambia hata maji ya mfereji hatuapiwi, na bado hakuna anayeacha kuyafungua.

Tulimzika kwenye migomba yake. Watu walipomaliza kufukia, Hanna alibaki amesimama, kiganja ubavuni, pale penye kovu. "Shangazi," akaniambia taratibu, "wamezika na changu."

Nikaweka kiganja changu juu ya chake.

Manase alilia msibani kuliko wote, mpaka akashikiliwa. Baadaye alileta beberu, mkubwa, mweusi, akamfunga kwenye mlango wangu. Sikumchinja. Nilimfungua kamba, akaenda zake moja kwa moja kwenye nyanya za Manase, akala mpaka akaketi. Hapo sijaongeza hata punje ya chumvi.

Sasa Manase ndiye mwenyekiti. Walimchagua wao, mimi niliugua mgongo siku hiyo. Majuzi nilikuwa nachuma majani pembeni, nikamsikia kwa Magreth. Zamu ilikwisha, mchanga umekunywa kila kitu, na kijana mmoja anamlalamikia Manase kwa nini hafungi maji.

"Hiyo si zamu ya pili," Manase akamjibu. "Ni ya kumalizia. Hujui tofauti?"

Nikasimama nikamtazama. Naye akaniona. Hakunisalimia, na mimi sikumsaidia kwa kuanza. Alishika koleo akaanza kuchimba mahali palipokwisha chimbwa, na maji yakaendelea kuingia kwa Magreth, taratibu, mpaka kwenye mahindi ya mwisho.