Tumbili Aliyerudisha Embe

Bibi yangu mzaa mama hakujua kubembeleza. Akitaka jambo alilisema mara moja, kisha akanyamaza mpaka ulitende. Siku moja, miaka ya hamsini ikiwa katikati, nilirudi kutoka kazini nikamkuta ukumbini kwetu Amu ananingoja.

"Mato yangu yafunga ndia, mwanangu," akasema. "Kabla hayajafunga, nataka kumuona tumbili wa Kililana akiruka na embe."

Utotoni alikuwa akipelekwa shamba la baba yake huko Kililana, bara, ng'ambo ya kisiwa chetu, kila msimu wa maembe. Alipokuwa mwari akawekwa ndani, kama desturi ilivyokuwa, na miti ile hakuiona tena. Sasa ukungu ulikuwa umefunika jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa linafuata. Kuvushwa bara hakutaka hata kusikia. Mjukuu wake si fundi wa picha? Fundi mwenyewe nilizoea watu waliokalishwa kwenye kiti wakakatazwa kupumua.

Tajiri wangu, mwenye duka la picha, alikuwa na kamera moja ya ufunguo. Ukiijaza kama saa, kila ubonyezapo hujivutia filamu yenyewe, nawe ukawahi kubonyeza tena kabla ya kupepesa. Nilimwomba siku tatu mfululizo, akanipa ili apumzike na mimi.

Kililana, siku ya kwanza, tumbili walinizomea na nikarudi na picha za mikia. Siku ya pili dume moja lilinyoosha mkono, likachuma embe, likaliuma kwa meno na kujirusha kutoka mwembeni hadi kwenye mnazi. Nikageuka nalo, nabonyeza, nabonyeza. Zikatoka picha sita.

Dukani nilizisafisha, nikazikata, nikazipandisha moja juu ya ukingo wa nyingine, jani la hii likutane na jani la ile, nikazitia gundi. Mwembe kushoto, mnazi kulia, na katikati tumbili mmoja mara sita angani. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu. Nilitembea nayo mtaani kifua mbele.

Bibi akaenda nayo dirishani, akaisogeza karibu na jicho lake la kulia, akaweka kidole mwisho wa kulia. Nikataka kumzuia, nimechelewa. Yeye alijua herufi za Kiarabu tu, ndizo alizosomea Kurani na kuandikia barua zake za Kiswahili. Mimi nilikuwa nimepita skuli ya serikali, nikatoka na jeuri ya kuanzia kushoto. Kidole chake kikamkuta tumbili mnazini na embe kinywani, kikamfuata akiruka kinyumenyume, mkia mbele, mpaka mwembeni, ambako alilitundika embe mahali pake.

"Hunu si tumbili," akasema. "Hunu ni walii. Tangu lini tumbili akarudisha embe la watu?"

Nilikasirika. Nikamwambia aanzie upande wa pili.

"Kitu chaanzwa mwanzo," akajibu, akanirudishia picha.

Usiku sikulala kwa hasira, na asubuhi dawa ikaja yenyewe: filamu ina pande mbili. Ukiipindua kwenye mashine ya kukuzia, tumbili atageuka aelekee kushoto. Lakini karatasi zilikuwa zimekwisha dukani, na nyingine zilikuwa zaja kutoka Mombasa. Siku tisa ningoje! Kila jioni nilimwinulia Bibi vidole avihesabu. Siku ya saba vitatu akaviita viwili.

Karatasi zilipofika sikungoja hata chai; nikazipindua zote sita, nikaziunga upya kwa gundi. Jioni ile ile Bibi alikaa dirishani na picha mpya. Kidole kulia: mkono juu ya embe. Kidole kikasogea polepole, mti ukaachwa, miguu ikanyooka, mnazi ukakumbatiwa.

"Mnazi mmeuhamisha," akasema. "Ulikuwa upande huu. Lakini mwizi ndiye yeye!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Mwaka uliofuata macho yake yalifunga. Picha hakuiacha, ilikaa chini ya mto wake hadi pembe zikachakaa. Nami nilikwisha kuwa fundi kweli, nikaona aibu kwa kazi yangu ya zamani. Nikaipiga picha ile picha nzima, nikamletea nakala kwenye karatasi moja, laini, haina kiungo hata kimoja.

Akapitisha kidole, kulia kwenda kushoto. Akapitisha tena.

"Tumbili yuwapi?" akauliza.

Nikamwambia yumo humo humo, Bibi, ndiye yule yule. Akatikisa kichwa. Nikampa ile ya gundi. Kidole kikapanda ukingo wa kwanza, kikashuka, kikapanda wa pili.

"Yuwaruka," akasema.