Miguu Mbele Kilima cha Gasenyi

Celestin alikuwa amesimama juu ya kigoda jikoni, akiigeuza machela yake juu ya moshi ili bungua wasiitoboe, Wiliam wa bodaboda alipoingia uani mbio bila hata kubisha hodi.

"Mzee! Bani la Providence limeanguka. Ukuta mzima. Wamemtoa, lakini mguu…" Akajigusa paja. "Mguu si mguu tena, mzee."

Providence alikuwa kitinda mimba wake, na ndiye pekee aliyebaki naye Mishamo. Wale wengine walikuwa Dar na Kahama, wakimpigia simu siku za sikukuu. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imelowesha matofali ya bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, na asubuhi hiyo, saa mbili, akiwa ndani anatundika majani, ukuta ulimlalia.

Celestin alishuka kigodani. Aliishusha machela, akaiweka kichwani, akatoka.

Watu wa Mishamo, waliokuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, machela hiyo huiita ingobyi: kitanda kirefu cha mianzi iliyosukwa, kimefungwa kwenye miti miwili, hubebwa na mabega manne. Celestin alikuja akiwa na miaka kumi na mitatu. Alipofika kumi na minane wazee walimpa bega, kama kijana mwingine anavyopewa shamba. Enzi hizo kila nyumba kumi zilikuwa na machela yao na zamu yao. Mwanamume aliyesikia mwito akajifunika blanketi, kesho yake mkewe hakupewa moto na jirani yeyote. Walibeba wajawazito, walioumwa na nyoka, walioangukiwa na miti. Mgonjwa hakuguswa na ardhi mpaka afike. Waliochoka walipokezwa wakiwa mwendoni, bega linatoka, bega linaingia, na mgonjwa hakujua kama wamebadilishana. Katika miaka hiyo Celestin aliota nundu begani, kubwa kama yai la bata, na hakuionea haya.

Kisha bodaboda zikaja. Wagonjwa wakaanza kubanwa katikati ya dereva na mshikaji kama magunia ya mihogo, vichwa vikining'inia. Machela moja moja zikaingia mekoni zikapikiwa maharage. Ya kwake ilibaki, na kila kiangazi aliikaza kamba. Vijana walimtania: "Mutama, mzee wetu, hiyo umejiwekea ya kwako?" Watu waliosahau kubeba wenzao angewaambia nini?

Kwenye bani alimkuta nesi Zakia amepiga magoti kwenye tope. Zakia alikuwa binti wa Shanwe, mjini Mpanda, mwaka wake wa pili katika zahanati ya kijiji. Alikuwa ameufunga mguu kwa mbao mbili na khanga, na dripu ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa kuanikia tumbaku.

"Data," Providence alimwita baba yake kwa Kirundi aliposikia sauti yake. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nipo, mwana wanje."

Zakia alimvuta pembeni. "Mzee, paja limevunjika na damu nyingi imepotea. Anatakiwa aongezwe damu, na damu iko Mpanda. Gari la wagonjwa limeshafika mtoni, lakini kalavati limezolewa, haliwezi kuvuka. Dereva anasema mto unajaa. Tusipomvusha kabla ya saa sita, hatutamvusha leo."

"Na leo isipowezekana?"

Zakia aliangalia chini. "Nimekuambia leo, mzee."

Kutoka pale mpaka mtoni ni kilomita kumi na moja, na kilima cha Gasenyi kiko katikati.

Machela ya zahanati ilikuwapo. Ilikuwa ya chuma, inang'aa, imeletwa mwaka jana kwa hotuba na picha. Magurudumu yake yalikuwa madogo kama vifuniko vya chupa. Yalikwenda hatua thelathini kwenye sakafu ya zahanati siku ile ya picha, na hatua tatu kwenye tope siku hii. Walijaribu kuinyanyua, lakini vishikio vilikuwa vifupi na bega halikupata pa kuingia.

"Tumpakie kwenye pikipiki," Wiliam alisema. "Mimi naendesha taratibu."

"Paja limekatika, unampakia kwenye pikipiki? Wewe una akili?" Zakia alimfokea.

"Basi nimeshaandika kwenye grupu la kijiji. Watu wanajibu."

Celestin aliomba aonyeshwe. Kweli walikuwa wanajibu. Pole sana. Mungu atende muujiza. Tuko pamoja. Mikono iliyokunjwa kwa maombi, arobaini na miwili. Bega hata moja halikuja.

Akamrudishia simu yake. Akapanda juu ya kifusi cha bani, akaweka viganja mdomoni, akaita kama walivyoita zamani, sauti inayoanzia tumboni:

"Ingobyi yeee! Ingobyi!"

Kuku mmoja akalia. Akaita mara ya pili, na sauti ikapasuka. Mara ya tatu, mwanamke mmoja ng'ambo ya shamba aliipokea, akairusha mbele. Kisha mwingine. Kisha, kutoka kwenye mihogo, kwenye mabani, kwenye duka la Rahim, wanaume wakaanza kutokea. Wengine walikuwa vifua wazi, mmoja ana povu la sabuni usoni. Walikuja wanakimbia! Celestin alihisi nywele za mikono yake zinasimama. Miaka kumi na mitano hajauona mkimbio ule.

"Wanane!" alipaza sauti. "Wanne chini, wanne pembeni. Mrefu na mrefu, mfupi na mfupi. Nyie wawili mnasimama nini kama harusi? Bega!"

"Tunaitikiaje, mzee?" aliuliza Wiliam, tayari ameshaingia kwenye mti wa mbele.

"Nikisema bega, mnasema lipo. Nikisema njia, mnasema yetu. Na mguu unafuata neno. Bega!"

"Lipo!"

"Njia!"

"Yetu!"

Wakaondoka. Mwanzoni machela iliyumba kama mlevi, na Celestin aliwatukana mpaka Zakia akacheka. Baada ya kilomita mbili miguu ilipatana. Kufika bondeni walikuwa wanakwenda kwa ule mwendo wa zamani, nusu kutembea na nusu kukimbia, magoti yamelegea, mgonjwa ametulia juu kama maji ndani ya ndoo ya mama anayejua kubeba. Zakia alikimbia kandoni, chupa ya dripu juu, viatu mkononi. Celestin alikimbia naye, miaka sitini na kitu, akiita, jasho likimwingia machoni, na aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi huku mwanawe akivuja damu.

Chini ya Gasenyi, Zakia aliwasimamisha. "Mzee, mgeuzeni. Tunapanda mlima, miguu itangulie, ikae juu kuliko kichwa. Damu iliyobaki irudi kwenye moyo."

Wabebaji wote wakamtazama Celestin.

"Haiwezekani," alisema. "Mtu aliye hai hatangulizwi miguu. Miguu mbele ni maiti."

"Mzee, tazama midomo yake."

Alitazama. Ilikuwa na rangi ya majivu. Akafunga macho, akafungua.

"Mgeuzeni."

Walimgeuza bila kumshusha, wakapanda. Mlima ulikuwa unateleza, na wanane wale walikuwa wamebadilishana mara tano, mapaja yanatetemeka. Tumaini lao lilikuwa kileleni. Wiliam alikuwa amewapigia simu watu wa Gasenyi, na Claude, fundi seremala wa huko, alikuwa amekusanya wanaume wanane wapya barabarani.

Celestin aliwaona kutoka mbali. Kisha akaona Claude anavua kofia.

Akaona wanaume wote wanane wanakaa chini ukingoni mwa barabara, vichwa vimeinama. Mama mmoja akaweka mikono kichwani. Maana hivyo ndivyo walivyolelewa: maiti ikipita unakaa kimya, na bega la mgeni haliingii kwenye machela ya maiti. Watu wake wenyewe ndio humfikisha.

"Simameni!" Celestin aliwapigia kelele. "Ni mzima! Mwanangu ni mzima!"

Hakuna aliyesimama. Claude alimtazama kwa huruma iliyomchoma. Celestin alijua kwa nini. Nani hakujua? Mtu akifia njiani, wabebaji husema ni mzima, ili wazazi wasianguke barabarani. Yeye mwenyewe aliwadanganya wangapi hivyo!

"Pole, mutama," Claude alisema taratibu. "Tumeona."

"Mmeona nini? Nesi ndiye aliyesema miguu itangulie!"

"Ni kweli, ni mimi!" Zakia alisema, anahema. "Dripu ya maiti ya nini?"

Lakini nesi hudanganya kwa wema kuliko wote. Mabega ya mbele yalianza kushuka. Wiliam aliuma meno, mishipa ya shingo imesimama. "Mzee, inaanguka," alinong'ona.

Celestin akajitupa chini ya mti wa mbele, bega lake la nundu likaupokea. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. "Providence!" aliita. "Sema neno! Neno lolote!"

Ndani ya mianzi kulikuwa kimya. Kisha ikaja sauti, nyembamba, ya hasira.

"Claude… ulikula sahani tatu… harusi yangu. Leo umekaa chini?"

Mtu mmoja akapiga yowe. Claude aliruka kama aliyekalia siafu, kofia ikabaki kwenye tope. "Anaongea! Jamani, ni mzima! Zilikuwa mbili, Providence, zilikuwa mbili!"

"Tatu," ilijibu mianzi.

Wakacheka huku wanalia, na wanane wote wakaja kwa mkupuo. Bega likatoka, bega likaingia, machela haikutikisika. Kileleni walimgeuza tena, kichwa kitangulie, na kuteremka hawakutembea, waliruka. Wanawake wa Gasenyi waliwafuata kwa vigelegele, na ule mwitiko, bega na lipo, njia na yetu, ulikuwa sasa wa watu sitini.

Mto ulikuwa mwekundu na ulikuwa umefika viunoni. Saa tano na nusu. Walishikana mikono wakatengeneza ukuta wa watu upande wa mkondo, na machela ikapita juu ya vichwa, mikono kwa mikono, Zakia katikati akiwa ameinua chupa kama taa. Ng'ambo, dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Providence aliingizwa, Zakia akapanda naye, gari likaondoka kwa king'ora.

Hakuna aliyerudi nyumbani. Walikaa ukingoni, wamelowa, wanasimuliana mambo waliyoyafanya pamoja saa moja iliyopita kana kwamba yalikuwa ya mababu. Celestin hakukaa. Alitembea, akarudi, akatembea.

Saa tisa na robo simu ya Wiliam ililia. Aliisikiliza, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Mzee, ameongezewa chupa mbili," Zakia alisema. "Mguu watauwekea chuma kesho. Amelala, anapumua vizuri. Mzee? Upo hewani?"

Sitini walikuwa wanamtazama. Akawaitikia kwa kichwa.

"Nipo," alisema.