Kayaki Yenye Egemeo

Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi, Saturnino alidhani na mgongo wake umo ndani. Wapi. Miaka yote alivulia samaki jiko la kambi moja ya mahema ya wageni, kando ya mto pale Juba, amechuchumaa ndani ya mtumbwi wa gogo, na jioni akarudi kwake mtaa wa Atlabara amejikunja kama mtu anayetafuta sindano.

Kwa hiyo meneja wa kambi alipofungasha virago kurudi kwao, akamwambia achague moja kati ya kayaki zake mbili za plastiki, Saturnino hakutazama kingine ila mahali pa kukalia. Ya njano ilikuwa nyembamba, ya mto wa kasi. Ukiikalia, miguu inanyooka mbele kama ya maiti. Ya pili ilikuwa pana, imetulia, ya maji mafupi ya pwani. Juba haina pwani. Lakini kile kiti kilikuwa na egemeo. Akaegemea palepale kwenye nyasi, na kuinuka hakutaka.

Kasoro ilikuwa moja tu: mabakamabaka ya kijeshi, mwili mzima. Meneja alisema ni ili samaki wasiione. Samaki! Mjini humu raia huvuliwa hata kofia ya mabaka barabarani, na darajani askari hawakosi. Kayaki ile ingeandikishwa jeshini kabla haijalowa.

Namukasa, jirani mwenye saluni, akamletea rangi iliyobaki ya ukuta.

"Ni ya pinki," Saturnino akalalamika.

"Wewe nachagua kayaki ama nachagua bibi? Paka."

Akapaka. Siku za kwanza alivua ameegemea kama waziri, na wavuvi wa Sherikat, ng'ambo ya mto, wakamwita Madamu. Alikuwa amechoka mno kukasirika. Lakini rangi ya ukuta haipatani na plastiki, sembuse maji. Ikaanza kubanduka, na jeshi likachungulia kutoka saluni.

Karibu na daraja akaitwa ukingoni. Sajini Makur, mwenye kidevu cheupe kwa mvi na Kiswahili alichokiokota hospitalini Lokichoggio, kule Kenya, akaikwangua kwa ukucha.

"Mzee, hii ni ya kikosi gani?"

"Cha mgongo," Saturnino akajibu. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo.

Sajini akamtazama alivyosimama, nusu-nusu. Akaingia mwenyewe kuipeleleza, bunduki mapajani. Akaegemea. Akasema vita vyote vile, porini hakuna aliyewahi kumpa kiti chenye egemeo. Kisha akakoroma.

Saturnino akachuchumaa ukingoni, kamba mkononi, mto usije ukambeba sajini mpaka Khartoum, ambako walisema vita vimeanza upya.

Jua lilikuwa limeshuka Makur alipoamka. Hakutwaa kitu. Alisema tu rangi iongezwe upande wa kushoto, maana kamanda wake hupita huko; na kila alasiri kayaki iletwe, naye apumzike kidogo.

Saturnino akapiga kasia kurudi, ameegemea. Asubuhi mgongo wake, alasiri mgongo wa sajini, jioni kupaka rangi. Mgongo ulikuwa umetulia kweli. Sasa ni mkono ulioanza kuuma.