Somo la Wageni

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimeajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika idara ya sera za elimu chuoni, na mama yangu, aliyetoka Masasi akaja kuuza khanga Kariakoo, alikwishawapasha habari majirani wote kwamba mwanawe sasa ni mkubwa. Mkuu wa Idara aliinua macho kwenye karatasi zake, akanikagua kuanzia tai hadi viatu.

"Umekuja kazini au umekuja kuoa?"

"Kazini, Profesa."

"Basi ivue. Walimu wakiiona watadhani mkaguzi, na utaonyeshwa wanachotaka ukione."

Profesa alikuwa mama wa Kihindu, mzaliwa wa Upanga, mfupi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu mimi wa Kariakoo. Idara nzima ilimhofu. Mimi nilimhofu na kumpenda siku hiyohiyo, na sijawahi kuacha.

Vijana huniuliza kazi yenyewe ilikuwa ipi. Hata mama aliniuliza mpaka uzeeni, "Sasa wewe, baba, unafundisha au hufundishi?" Sera ya elimu ni maamuzi ya wakubwa kuhusu nani asome, wapi, saa ngapi na kwa lugha gani. Mtafiti wa sera huenda kutazama maamuzi hayo yakishafika darasani yamegeuka kuwa nini, na mara nyingi huwa yamegeuka kitu kingine kabisa. Njia yetu kubwa ilikuwa uchunguzi wa darasani: unakaa benchi la nyuma, hufundishi, huulizi, unatazama tu. Inasikika rahisi. Jaribuni.

Nilipangiwa shule ya msingi moja katikati ya Kariakoo, ya zamu mbili. Maana yake ni kwamba wanafunzi walikuwa wengi kuliko vyumba, hivyo wengine walisoma asubuhi, wengine wakaingia mchana kwenye madawati yaleyale. Darasa la nne la mchana lilikuwa la Mwalimu Somoe, mama wa Newala mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Siku hiyo hakucheka. Aliniita Mheshimiwa, akanifutia benchi kwa upande wa khanga yake, akafunga madirisha yote, akachora mmea ubaoni.

"Sehemu hii ya chini ya mmea—"

"Mizizi!" darasa zima likajibu, swali lenyewe halijaisha.

Nilirudi chuoni nikiwa na furaha kubwa. Nikamwambia Profesa kwamba nimeona darasa hodari kuliko yote mjini. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwenu kuna kabati la vyombo?"

"Lipo."

"Mgeni akija, anakula kwenye sahani zipi?"

"Za kabatini."

"Ndizo hizo ulizopewa. Lile ni somo la wageni. Kila mwalimu analo moja, limesafishwa, liko tayari. Mimi sitaki kujua mgeni amekula nini. Nataka kujua wanakula nini kila siku. Rudi ukae mpaka usiwe mgeni."

Nikarudi. Nikaoneshwa mmea ule mara ya pili, nikaoneshwa mara ya tatu. Lakini Waswahili wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku moja Mwalimu Somoe alinirushia rundo la madaftari bila hata kunitazama. "Kaka, sahihisha hayo, mikono yangu ni miwili tu." Kisha akafungua madirisha, na soko lote likaingia ndani.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kazi. Jirani kulikuwa na duka la kanda za muziki, na wasukuma mikokoteni walipita chini ya madirisha wakipiga kelele za "Pisha! Pisha!" Mwalimu Somoe hakushindana nao. Alinyanyua chaki juu, darasa likanyamaza na kungoja. Kelele zikipungua, aliishusha, wakaendelea na sentensi palepale ilipokatika. Watoto wengine walikuwa wamefungua genge la mboga na mama zao tangu alfajiri. Hao aliwaacha walaze vichwa kidogo, halafu akawaamsha kwa wimbo, akawarudia somo walilokosa. Hakuna chuo cha ualimu kilichomfundisha mambo hayo. Nilikaa pale kwa miezi, na zamu ya mchana ikawa ndiyo utafiti wa maisha yangu. Shahada yangu ya uzamivu ilitoka kwenye benchi lile.

Nilikuwa nimeshakuwa mhadhiri habari zilipokuja kwamba zamu ile inafutwa. Kamati ya elimu ilitaka watoto wa mchana wahamishiwe shule mpya pembezoni mwa jiji. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema kabisa: vyumba vipya, hewa safi, uwanja. Ila sisi tulijua wale ni watoto wa wachuuzi, na mama hawezi kuliacha genge ampeleke mtoto mwisho wa mji. Wengi wangeacha shule. Profesa alibishana na kamati mpaka wakakubali kuja kuona kwa macho kabla ya kuamua.

Mwalimu Somoe alinivuta pembeni, kicheko hana. "Daktari, niwafundishe lipi? Lile Profesa wenu analoliita la wageni, au la kila siku?"

Wakioneshwa somo la wageni, wangesema watoto hodari hivi watasoma popote, wahamisheni. Wakioneshwa la kila siku, wangesema hii ni vurugu, fungeni. "Darasa ni lako, dada," nilimwambia. Usingizi haukuja kwa siku kadhaa.

Kamati ilipoingia, madirisha yalikuwa yamefungwa. Nikajua amechagua somo la wageni. Mmea ulikuwa ubaoni, na "Mizizi!" ikatoka kama kawaida. Mwenyekiti wa kamati, baba mnene mpole, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Mwalimu Somoe akachukua kifutio, akaufuta mmea wote.

"Waheshimiwa, hilo lilikuwa somo la wageni," akasema. "Sasa karibuni kwetu."

Akafungua madirisha. Muziki ukaingia, mikokoteni ikaingia. Chaki ikapanda, darasa likanyamaza, chaki ikashuka, watoto wakaendelea. Mwenyekiti aliacha kutabasamu. Akamnyooshea kidole msichana mmoja aliyelala juu ya dawati.

"Na huyu, Mwalimu?"

"Huyo amepanga nyanya na mama yake tangu alfajiri, Mheshimiwa. Nitamwamsha sasa hivi na atasoma. Mkimpeleka mbali, hamtamkuta amelala. Hamtamkuta kabisa."

Kisha mwenyekiti akavua koti, akajibana kwenye benchi la nyuma kando yangu, akakaa mpaka kengele ya mwisho. Zamu ya mchana haikufutwa. Iliendelea mpaka vyumba vilipoongezwa palepale shuleni, watoto wote wakasoma asubuhi.

Baadaye nilipanda vyeo. Nilikuwa mhadhiri mwandamizi, nikaazimwa wizarani kama mshauri, nikarudi kukalia kiti cha Profesa, ambaye alifariki kabla sijastaafu. Nilitafiti lugha ya kufundishia, chakula cha shuleni, uhamisho wa walimu. Kila kijana aliyeingia ofisini kwangu amevaa tai nilimwambia aivue. Wengine walininunia.

Siku chache baada ya kustaafu, Mwalimu Somoe alinialika chakula cha mchana kwake Magomeni. Naye amestaafu, magoti yanamsumbua, kicheko bado kinafika barabarani. Nilikaa mkekani. Binti yake Rehema alinisalimu shikamoo, akaenda kabatini, akaanza kushusha sahani za maua zenye ukingo wa dhahabu.

"We Rehema!" mama yake akamwita kutoka jikoni. "Rudisha hizo. Huyo siyo mgeni."

Rehema akacheka, akazirudisha. Nikaletewa ugali na dagaa kwenye sahani ya bati iliyobanduka rangi. Nimepewa vyeti na ngao nyingi maishani, na vyote niliviweka ukutani kwa furaha. Lakini hapo nililia, na nilitamani mno Profesa angekuwepo anione.

"Kaka, vipi tena?" Mwalimu Somoe akauliza.

Nikasingizia pilipili.