Mama Fidélie anaangaliaka kuku kwanza

Mu commune ya Manika yote, taximan wa moto, njo pikipiki, mwenye anaweza kubeba plato kumi za mayai, makumi tatu kila plato, bila kupasula ata moya ni mi peke, Dodo. Bengine bakibeba, bantu banakula omelette mu njia. Mi niko nabeba mayai ya Mama Fidélie tangu miaka saba. Kama munabisha, muende mumuulize. Atasema nilipasula mbili. Anasema uongo. Nilipasula moya, ile ingine kuku yenyewe ilitaga na ufa wake.

Huyu Mama Fidélie eko anauzisha mayai ku soko. Alitokaka kule Kongolo, eko mufupi kama mutungi, na mudomo yake haina frein ya kuisimamisha. Benzake banangojaka mayai ibafikie ku meza. Gari inakuya, banashusha plato, banaanza kulalamika bei, kisha banauzisha. Ye hapana. Ye anaendaka kwa benye kufuga, anaingia mu kibanda, anaangalia kuku machoni sawa vile polisi anaangalia permis yangu ya kuendesha.

Iko na sababu. Zamani, wakati alikuwa bado bibi mupya wa ndoa, anaanza tu kuuzisha, jirani yake alinunua kwake plato moya ju ya sikukuu ya ubatizo. Mayai kubwa, meupe, ya kupendeza. Jirani akapasula ya kwanza mu bakuli mbele ya bageni, harufu ikatosha bantu inje. Ya pili, vilevile. Pasteur mwenyewe alikimbia na Biblia ku pua. Mpaka leo ule jirani akimuona Mama Fidélie, anavuka njia. Tangu siku ile hanunuake yai kama hajaona kuku yenye iliitaga.

Ni muzuri, lakini inachokesha. Inamuchokesha ye, inanichokesha mi, inachokesha ata moto yangu.

Ngoja niwaambie ya ile siku ya Ine, njo Alhamisi. Siku ya Posho ya juma ile, njo Jumamosi, kulikuwa ndoa, bageni mia tatu, na keki Tatiana njo alikuwa wa kuifanya. Tatiana anafanyaka makeki ya Manika karibu yote, na nusu ya mayai ya Mama Fidélie inaendaka kwake. Kama Tatiana anamuacha, mama anabakia kuuzishia banafunzi yai moya-moya. Na Tatiana alisha kuchoka pia. Asubuyi alimupigia simu, nikasikia sauti yake ata mi nikiwa mbali:

—Mama, mara mbili unaniletea pungufu. Leo saa tisa kama plato kumi haiko apa, natwaa ya Louis. Na nikianza na Louis, nabakia na Louis.

Louis ni kijana moya wa gari ya rangi nyeupe, anauzisha mayai mu coffre ya nyuma, miwani ku macho ata kukiwa mvua. Hapana kunilazimisha nimusemee muzuri.

Tukatoka saa mbili. Kwa kwanza ilikuwa kwa Tata Mechack, nyuma ya kanisa. Mama akafika ku mulango ya kibanda, akasimama, akafunga macho.

—Mama, unasali?

—Nyamaza, Dodo. Nasikiliza.

Kuku moya ikapiga chafya. Ingine ikajibu. Kisha ya tatu, kule nyuma.

—Ziko na grippe. Twende.

—Ata mi niko na grippe, mama, lakini unanipandaka.

—We hautagake.

Tata Mechack alibakia na plato zake mu mukono. Kwa pili tulienda mbali, jua ilisha kupanda, vumbi ya malori ikatuvalisha nguo moya, mi na ye, sawa batoto ba mapacha. Kule kuku zilikuwa na sauti ya muzuri. Lakini mama akashika yai, akafinya kidogo na kidole, ganda ikaingia ndani kama karatasi.

—Unazipatia nini ya kukula?

—Mahindi, mama.

—Na nini tena?

—Mahindi.

Mahindi peke haikomazake ganda. Mama akarudisha yai mu plato pole pole, kama vile unalaza mutoto. Hakugombana. Wakati Mama Fidélie hagombane, ujue amechoka. Akapanda moto, akasema tu: «Kwa Kabemba.»

Tata Kabemba alikuwa wa mwisho. Eko anakaa ku njia ya Mutoshi, anafuga kuku mia mbili, na mama ananunuaka kwake tangu miaka kumi. Wakati bwana ya mama alikufa, Kabemba njo alileta mbao za sanduku ya kumuzikia. Nilijua tumepona. Tukafika saa saba na nusu, na mayai ilikuwa ku meza, plato kumi, kamili, juu yake kitambaa ya nylon. Mayai ilikuwa inangaa chini yake. Mi nikaanza kufungula kamba ya moto.

—Ngoja, mama akasema. Tata Kabemba, uliyaosha?

—Ju ya propreté, mama, ju ya usafi.

—Miaka kumi haujaniosheaka yai. Uliniachiaka na mavi yake na majani yake.

Kabemba akaangalia chini. Mama akaingia mu kibanda. Nikamufuata, na mi niwaambie, mi si munganga wa kuku, masomo niliacha mbele ya kujua nini, lakini ata mi niliona. Kuku mia mbili, na kimya. Zimekaa, zimevimbisha manyoya, vichwa mu mabega. Ile nyama nyekundu ya ku kichwa ilikuwa imepauka kama midomo ya mugonjwa. Chini, mavi ya kijani. Hakuna ata moya ilisimama kutukimbia.

Mama akarudi ku meza, akaomba sahani, akapasula yai moya. Ya manjano ikalala chini, ikatandaa. Maji yake ikakimbia mpaka ku ukingo.

—Tangu siku ngapi?

—Siku ine, Kabemba akasema. Mama Fidélie, twaa tu leo. Keki inapikwa mu moto, nani atajua? Nikikosa kuuzisha ile, sitakuwa na ya kulipia dawa.

Mama akapindua ndoo, akakaa juu. Akaweka mikono ku magoti. Alikuwa anaangalia plato kumi, na mi nilikuwa namuangalia ye. Kumi, moto iko tayari, Tatiana anangoja. Sikuweza kunyamaza:

—Mama, twaa. Utachagula muzuri ingine siku.

Akarudisha kitambaa juu ya mayai. Kisha akasema na sauti ya chini:

—Kabemba, kuku zako zimechoka kuliko mi. Na mi leo nimechoka kweli. Ita munganga wa banyama leo, hapana kesho. Na ile mayai, usimuuzishie muntu. Nikiyaona ku soko nitayajua.

Kabemba akafuta uso na shati. Akaondoa plato ku meza.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kuku changa makumi tano, mu kibanda ya peke yake, zilianza kutaga majuzi. Zile zilikuya mbio, zikamudona mama vidole vya miguu, macho inangaa, na fujo kama soko. Mama akacheka kidogo, mara moya mu siku yote. Akaingiza mukono mu majani, akatosha mayai ya vuguvugu. Na ile ya jana, ilijaa plato mbili. Mayai madogo, lakini ukigonga, ganda inalia sawa jiwe.

Plato mbili. Saa tisa na robo tukafika kwa Tatiana, na ile gari nyeupe ya Louis ilisha kuwa ku mulango.

—Mama wa plato mbili! Louis akasema, na miwani yake.

—Louis, nikamuambia, toa ile miwani, jua iko huku inje.

Tatiana alikuwa na unga mpaka ku viwiko. Hakupiga makelele, na ile njo ilikuwa mubaya zaidi.

—Nilikuambia, mama.

—Ulinambia.

—Natwaa ya Louis. Lakini siwezi kutia mayai yenye sijue mu keki ya bantu mia tatu. Niangalilie, mama. Sema tu iko namna gani.

Fikirini. Kuchagulia muntu mwenye anakunyanganya kazi. Mi ningeenda kwangu. Mama akasema:

—Nipe kiti.

Akakaa. Akatwaa yai ku plato ya juu, akaizungusha ngumi, akaiangalia ku mwangaza ya jua. Akatikisa ku sikio. Akatwaa ingine ku plato ya chini, ju bauzaji banafichaka mabaya chini. Akaweka tano mu baseni ya maji, yote ikalala chini. Mi nilikuwa nimesimama nyuma ya Louis, nikamufanyia mama ishara na shingo: sema ni mabaya! Neno moya tu, na Louis amekwisha. Aliniona. Akapasula yai mu sahani.

Ya manjano ikasimama, mviringo, juu ya maji mazito yenye haikimbie.

Mama akaiangalia wakati murefu kuliko vile aliangalia ile ya Kabemba.

—Ni mazuri, akasema. Ni ya leo ao jana. Kuku inakula muzuri, haina ugonjwa. Tumia.

—Umesikia! Louis akaruka. Mama Fidélie mwenyewe!

—Kuku yenyewe iko wapi? mama akauliza.

—Kwa Tata Tshibangu, njia ya Likasi, mbele ya daraja, iko na…

Akafunga mudomo. Alikuwa amechelewa.

Tatiana akatwaa kumi za Louis. Ile mbili za mama hakuitaka, ni ndogo. Tukatoka inje. Mi nilisha kugeuza moto ku njia ya nyumbani.

—Dodo, uko na essence ya kufika kwa Tshibangu?

—Kesho, mama. Angalia vile umechoka.

—Kesho Louis atakuwa amemuambia asinifungulie. Twende leo.

Akapanda, plato mbili ku magoti. Mbele tufike ku rond-point ya kuingia njia ya Likasi nikasikia kichwa yake inaanguka ku mugongo yangu, nzito. Alikuwa analala. Malori ikawa inatupita, bataximan benzangu banapiga klaksoni, bananicheka vile naenda kama mukokoteni. Nikabaacha bacheke.