Kaburi Lililopimwa kwa Lusajo

Siyo lazima sinema ya kutisha iwe na jini, Lusajo. Ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu huyu leo, akanicheka weee, eti sinema ya mjomba anavyoisikia haina jini, haina damu, watu wanakula ndizi na kutaniana tu, sasa inatisha nini? Nikamwambia za siku hizi ndivyo zilivyo, hujui ucheke au ulie, na ndizo watu wanazitafuta. Hakuelewa. Mjomba alipoirekodi, hapa hapa nyumbani Lufingo, yeye alikuwa na miaka minne. Hakumbuki chochote.

Mimi nakumbuka harufu. Udongo mweusi uliolowa, na moshi wa jikoni umeshindwa kupanda kwa ukungu. Nilikuwa na miaka tisa, msimu ule wa mvua zisizokatika. Mjomba Ambakisye alikuja na simu yake, akasema anataka kaburi la kweli, la mtoto. Familia inachimba, inapika, inacheka, na hakuna anayesema ni la nani. Sinema yote ndiyo hiyo. Akachagua kwenye migomba, alikozikwa babu. Alipotaka kujua urefu, akamlaza Lusajo chini, akampima kwa ufito kuanzia utosini mpaka kisigino. Tulicheka, na Lusajo alicheka kuliko wote. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Bibi alirudi kutoka shambani akaliona kaburi limeshachimbwa.

"Umempimia nani?"

"Mama, ni sinema tu."

"Kaburi halijui sinema, mwanangu. Likifunguliwa halilali tupu. Kata mgomba, uuzike humo badala ya mtu."

Mjomba akaomba kidogo tu, kimebaki kipande cha mwisho, mvua ikiacha. Haikuacha. Siku ya pili Lusajo akapandwa na homa, dawa za zahanati hazikuishusha. Labda ilikuwa malaria, sijui. Bibi akaacha kula. Utani ukaisha, kila mtu akawa anapita mbali na migomba, na mjomba anaturekodi tu. Siku ya tatu mama akakata mgomba mwenyewe, akaulinganisha na ule ufito, akauvalisha shati la Lusajo, akauzika. Mama hakuwa anaigiza. Mjomba alirekodi yote.

Lusajo alipona. Sasa ana miaka kumi na tano, amenipita urefu, na Jumamosi, baada ya miaka yote hii, mjomba anaionyesha sinema yake kwa mara ya kwanza kwenye banda la video Kiwira. Zamani pale tuliingia kuona mapanga na mizimu ya nchi za watu. Sasa wataingia kumwona mama yetu akizika shati. Ni sinema nzuri, nasema kweli, ndiyo maana naiogopa. Kesho asubuhi, kabla Lusajo hajavaa sare, nitamkalisha jikoni nimwambie kaburi lile lilikuwa la urefu wa nani.