Barabara Niliyoipitisha Mbugani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli ya kiume, na mimi sikuwa nimewahi kupanda baiskeli ya aina yoyote. Ilikuwa Shinyanga, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa binti wa mjini Tabora, nimejitanda khanga juu ya gauni jipya, na cheo changu kilikuwa Bibi Maendeleo: mtu wa kuwakusanya wananchi, hasa vijana, wajifanyie kwa mikono yao yale ambayo serikali changa haikuweza kuyafanya peke yake. Bwana Maendeleo wa Wilaya, mzee mwembamba mwenye haraka zake, alinitazama nikianguka mara mbili uani. "Ukichoka kuanguka, vijana wanakusubiri," aliniambia. Nilikasirika sana. Jioni nilikuwa naendesha.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha klabu. Klabu ya vijana wa kujitolea haikuwa chama cha kunywa soda na kupiga picha, ingawa picha tulipiga. Kila Jumamosi wanachama walikuwa na kazi ya mikono: kuchimba kisima, kufyatua tofali za darasa, kuwasomesha watu wazima. Mwenyekiti alibadilishwa kila mwezi ili kila mmoja aonje uongozi, na kanuni ilikuwa kwamba anayependekeza kazi anabeba sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote. Kanuni hiyo ilipunguza mapendekezo ya ovyo. Mimi nilikuwa mlezi, yaani naruhusiwa kushauri, siruhusiwi kupiga kura. Nilipohamishiwa Kahama nilianzisha klabu kama hiyo Nyahanga, na watoto wa wafanyabiashara, ambao mama zao waliapa kwamba hawajui hata kushika chepe, walichimba mfereji wa soko zima.

Kosa langu nililifanya upande wa Geita. Nilikuwa nimeshakuwa mzoefu, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Klabu ya huko ilichanganya wanafunzi wa chuo cha ualimu na vijana wa machimbo ya dhahabu. Mwanzoni walidharauliana vibaya, lakini kazi iliwapatanisha: walikuwa wanafungua barabara kutoka kijijini hadi zahanati, ili gari liweze kuwafikia wajawazito wakati wa masika. Siku moja mkubwa wangu wa huko Geita alipata habari kwamba mgeni rasmi anakuja kuifungua.

"Bibi, barabara iishe kabla ya mgeni," alisema.

"Njia ya juu ni ndefu, Bwana. Inazunguka mbuga."

"Basi inyoosheni."

Nilichukua ramani, nikapiga mstari ulionyooka katikati ya mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasukapasuka na masika hugeuka uji. Mwenyekiti wa mwezi huo alikuwa Nkwimba, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mzaliwa wa kijiji hicho. Yeye na wachimbaji walikuwa wameshapima njia ya juu, kwenye ardhi ya kichanga, na kupigilia vigingi vya alama. Akasimama mkutanoni.

"Bibi, naomba radhi. Mimi nimekulia hapa. Masika maji yanapita palepale ulipochora."

"Mwanangu, nimepitisha barabara nyingi."

"Sikatai, Bibi. Ila hii hujaipitisha."

Vijana wakacheka, nami nikaona nimevunjiwa heshima. Nilitangaza kwamba serikali imeshaamua, mkutano umefungwa. Sikuwa na kura, nikachukua zote. Walichimba kwa nidhamu, bila nyimbo. Mgeni akaja, akakata utepe, akaondoka.

Wiki ya tatu ya masika, asubuhi, gari la zahanati lilikwenda kumchukua Mama Masanja, aliyekuwa na uchungu wa kujifungua. Lilizama mbugani hadi milangoni. Nkwimba na wenzake walimlaza mama yule kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mabegani kwa njia ya juu, wakipokezana mpaka zahanati. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi na sijapata namna ya kuilainisha.

"Andika kwamba mvua haikuwa ya kawaida," mkubwa wangu aliniagiza.

"Ilikuwa ya kawaida, Bwana."

"Fikiria cheo chako."

Nilikifikiria, nisijifanye shujaa. Nilikuwa nasomesha wadogo zangu wawili. Lakini klabu ilikuwa imeitisha mkutano wa kujivunja, na nilijua vijana wale wangeondoka na somo moja tu: kwamba kiongozi akikosea, mvua ndiyo hulaumiwa. Nikaenda, nikawasomea ripoti yangu: njia ilichaguliwa na mlezi, kinyume cha ushauri wa mwenyekiti, na kosa ni la mlezi. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nakala inakwenda mkoani?" Nkwimba aliuliza.

"Imeshakwenda."

"Basi Jumamosi saa moja, njia ya juu. Mimi ndiye niliyependekeza, kwa hiyo mawe nabeba mimi. Na wewe Bibi, njoo na jembe lako."

Nilikwenda pia kwa Mama Masanja, nikampa pole na kumweleza ukweli. Aliingia ndani, akafunga mlango. Nililia njia nzima. Jumamosi ya nne, tukiwa kazini, nilimwona anakuja na jembe begani. Alichimba pembeni yangu hadi jua la utosi bila kunitazama. Nilipomkaribisha maji, akanywa, akanirudishia kata.

"Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba," alisema. "Chimba."

Tulimaliza wiki mbili kabla ya uchungu wa mdogo wake. Gari lilifika.

Cheo changu kilichelewa miaka mingi, na wengine niliowafundisha kazi wakanipita. Sikujuta, ingawa iliniuma. Nilistaafu miaka ya themanini, wakanifanyia sherehe ukumbini. Kijana mmoja alisoma orodha ya kazi nilizozifanya, akafika kwenye barabara ya zahanati. Nikainuka kabla hajageuza ukurasa.

"Hiyo si yangu," nilisema. "Yangu ni ile ya mbugani, iliyokatiwa utepe. Hiyo ni ya Nkwimba."

Watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu wa kizee. Kijana akatabasamu, akataka kuendelea.

"Futa jina langu, andika lake," nilimwambia. "Nasubiri."